Usiniulize wimbo ninaoupenda, niulize ninaouzima

Baridi ya huku kwetu si mchezo, mwenzenu naandika hapa soksi mbili mbili miguuni.

Wiki hii tuongee habari za nyimbo, na kilichoniletea mada hii ni ubishi. Pale kijiweni kwetu, karibu na Kabwe, kuna masela wawili nusura washikane mashati kisa wimbo gani ni bora kuliko zote Tanzania. Mmoja anataja wa zamani, mwingine anataja wa juzi, muuza kahawa naye kaingilia kati anasema wote hamjui kitu. Mara wakanigeukia mimi, eti "mwandishi, wewe ndo utuambie, wimbo wako namba moja ni upi?" Nikawaambia hapo mmeuliza vibaya.

Msomaji wangu, wimbo wa kutaja mbele za watu ni kama shati la kwendea ukweni. Unalipiga pasi kwanza. Demu akiulizwa atakutajia wa Kizungu ambao hata nusu ya maneno yake hayajui. Mshikaji atakutajia muziki wa kufokafoka wa mwaka 1995 wakati yeye kazaliwa 2001. Kwa hiyo mimi siku hizi nauliza kivingine: ni wimbo gani ukipigwa ndani ya daladala unatamani konda auzime? Hapo sasa utaona mtu anameza mate, anaangalia dirishani. Huo ndo wake. Nyimbo kama hizo mtu hachagui, anapewa na mahali alipokuwa na mtu aliyekuwa naye, na kama mahali penyewe palikuwa jikoni kwenye paa linalovuja, ndo hivyo tena.

Ngoja nianze na zangu zile nyepesi, kabla hatujafika kwenye nzito.

Sisi wa Mbeya hata asiyependa kufokafoka anamjua Sugu. Joseph Mbilinyi huyu, zamani akijiita II Proud halafu Mr. II, alitoa albamu ya "Ni Mimi" mwaka 1995, na mwaka 1998 akaja na "Hali Halisi". Mimi mwaka huo ndo nazaliwa, kwa hiyo nikikwambia niliusikia ulipotoka nitakuwa nakupiga fiksi. Niliurithi kwa binamu yangu mkubwa, kama nilivyorithi suruali zake. Lakini ukipigwa leo mimi nakumbuka mwaka 2018. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne siku nyingi, cheti kiko kabatini kinasubiri ajira ambayo yenyewe haikuwa na haraka, nikajishikiza kwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo kwenye simu. Elfu moja, nyimbo 20. Februari mwaka ule Sugu, ambaye alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010, akahukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa kosa la kutoa lugha ya kumfedhehesha Rais, akawekwa gereza la Ruanda, hapa hapa mjini kwetu.

Basi bwana, we acha tu. Wamama wa sokoni ambao simu zao ni kwaya mwanzo mpaka mwisho wakaanza kuja na vitochi vyao, "niwekee za Sugu, mwanangu, zile za zamani." Kuna mzee mmoja alitaka wimbo mmoja tu, "Hali Halisi", akatoa elfu nzima, nikamwambia mzee una haki ya nyimbo 19 zaidi, akasema hizo kaa nazo. Mei akatoka, na biashara ikarudi kwa kina Diamond kama kawaida. Mwaka 2020 jimbo likaenda kwa Dk. Tulia Ackson, na hayo mengine waachieni wenye kurasa zao za siasa. Mimi nikiusikia ule wimbo naona kibanda, waya wa umeme unaning'inia, na bosi wangu anahesabu sarafu kwa kidole kilicholowa mate.

Wa pili ni "Kwetu" wa Rayvanny, kijana mwenzetu, mzaliwa wa Mbeya. Ulitoka mwaka 2016, na mwaka uliofuata jamaa akachukua tuzo ya BET kule Marekani, mji mzima ukatembea kifua mbele kama vile tuzo tumepewa mtaa kwa mtaa. Wimbo mtamu, sikatai. Ila mimi una ladha ya vumbi la stendi. Nilikwenda kumsindikiza binti mmoja wa Iyunga anaenda Dar es Salaam chuoni. Tukaagana pale chini ya dirisha, kwa huzuni kabisa kama kwenye sinema, wimbo unapiga ndani ya basi, macho yananing'aa. Basi halikuondoka. Dakika arobaini! Tukaagana mara ya pili. Tukaagana mara ya tatu. Kufika hapo maneno yakawa yametuishia, tukaanza kugombana juu ya vocha ya simu. Lilipoondoka kila mtu alikuwa kanuna. Sasa niambie, wimbo kama huo nitaupendaje?

Haya, hayo ni ya kucheka. Kuna wimbo mwingine ambao hata si wangu peke yangu, ni wa nyumba nzima ya kwetu, na mwaka 2023 nusura uivunje kamati ya sendofu. Ili unielewe inabidi tupande basi twende Iringa. Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, mpaka unashuka Ipogolo miguu imevimba. Zaidi ya kilomita 300. Njia hiyo nimeipita mara nyingi kuliko ninavyokwenda kanisani, maana bi mkubwa ni Mnyakyusa, yuko Mbeya, na dingi ni Mhehe, yuko Iringa. Kwa nini mmoja yuko huku na mwingine kule, subiri nifike.

Kijana wa leo ukimwambia Iringa iliwahi kuwa na bendi iliyokuwa ikipigwa redioni nchi nzima anakutolea macho. Zamani zile bendi zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa mashirika. JUWATA ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Bima Lee ya shirika la bima, Urafiki ya kiwanda cha nguo, hata polisi na jeshi walikuwa na za kwao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani. Iringa kulikuwa na kiwanda cha kukata almasi kilichoitwa Tancut, na miaka ya 80 kikawa na bendi yake, Tancut Almasi Orchestra, wana Fimbo Lugoda. Mbele walisimama mapacha wawili kutoka Kongo, enzi hizo Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Sauti zao zilivyokuwa zinapandana, moja juu moja chini, mpaka leo sijasikia wawili wengine wa hivyo, na hapa sitaki barua za kunipinga. Nyimbo zao mbili zilizobaki midomoni mwa watu wazima ni "Nimemkaribisha Nyoka" na "Masafa Marefu".

Dingi hakuwahi kukata hata almasi moja. Alikuwa fundi cherehani pale Miyomboni, kijana wa mjini, suruali zake anajishonea mwenyewe, na Tancut ndo ilikuwa dini yake. Sasa enzi zile kuupata wimbo ukawa wako haikuwa kazi ndogo. Bendi zilikuwa zinarekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, redio inazipiga, na wewe kama unautaka unakaa na kanda tupu unavizia kama mwindaji. Wengine walikuwa na redio inayorekodi yenyewe kwa ndani. Dingi alikuwa na redio kaseti ambayo upande wa redio umekufa, kaseti tu ndo nzima. Kwa hiyo alikuwa akiazima redio ya jirani, anaziweka zinatazamana mezani kama wachezaji wa bao, halafu chumba kizima kinaamriwa kimya.

Hivyo ndo alivyourekodi "Masafa Marefu" mwaka 1993, kwenye chumba cha kupanga Mlandege. Dada yangu alikuwa na mwaka mmoja. Gitaa limefika pale linapojiachia lenyewe, mtoto akaangua kilio. Na ndani ya kanda, juu ya gitaa, ikaingia sauti ya bi mkubwa, ya usichana wake, inanong'ona: "Nyamaza, baba yako anarekodi." Halafu kicheko cha kubanwa. Halafu waimbaji wakarudi.

Mimi nilizaliwa baadaye, wameshahamia Mbeya, na nilikua na wimbo ule wenye kilio ndani nikijua ndo ulivyotungwa. Siku ya kwanza nilipousikia msafi, kwenye basi, nilishtuka. Nilidhani wameukata. Ile sehemu ya "nyamaza" iko wapi? Jirani yangu kwenye kiti akaniuliza kaka vipi, umesahau mzigo?

Kanda yenyewe haipo. Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto, na dingi alikuwa na kibanda chake mle ndani. Redio na kanda alikuwa anaviweka kazini, wateja walipenda. Viliungua pamoja na vyerehani viwili na vitambaa vya watu. Hivyo vitambaa ndo vilivyotumaliza. Cherehani ni chako, kikiungua unalia mwenyewe, lakini kitambaa cha mtu, tena kimeshakatwa, kina mwenyewe na mwenyewe atakuja kukiulizia. Wapo waliosamehe. Wapo waliokuja na wenyeviti wa mitaa. Bi mkubwa aliuza vitenge vyake vya mahari kimoja kimoja kulipia magauni ya wanawake ambao wengine hata hakuwafahamu, na mimi nikiwa na miaka minane nilikuwa natumwa kuvipeleka, vimefungwa kwenye gazeti. Dingi alijaribu kushona kwa cherehani cha kuazima, ikashindikana. Mwaka 2009 akasema anakwenda Iringa miezi mitatu kutafuta mtaji.

Miezi mitatu hiyo, msomaji wangu, inaendelea mpaka leo.

Sisemi kwamba alitutupa. Ada kuna wakati zilikuja, kuna wakati zilikuja ahadi za ada. Ana nyumba nyingine kule na wadogo zangu wawili, tunapendana nao vizuri tu. Na bi mkubwa si mtu wa kusema ovyo. Ila ulikuwa ukipigwa wimbo wowote wa Tancut redioni, iwe jikoni iwe kwa jirani, anaamka kwenda kuangalia maharage. Hata kama jikoni hakuna maharage.

Basi, 2023 dada akapata mchumba, mambo yakaenda, ikafika sendofu. Kamati ikakaa sebuleni kwetu, mwenyekiti mjomba. Mimi kwa kuwa naandika andika nikapewa idara ya muziki, nikae na dijei nimpe orodha. Keki sawa, chakula sawa, wimbo wa bibi harusi mtarajiwa kuingia sawa. MC akauliza, "Wazazi wanaingia na wimbo gani?" Dada bila hata kupepesa: "'Masafa Marefu' ya Tancut. Na wataingia pamoja."

Kimya kikapita pale. Mashangazi wa upande wa mama wakaangalia zulia. Bi mkubwa akasema taratibu, "Mimi siingii ukumbini na masafa. Masafa nimekaa nayo miaka 14."

Dada naye si mtu wa kurudi nyuma, katoka kwa baba yake huyo. Akasema mama, ule wimbo si wa baba, na si wako. Ule nimelia mimi. Watu wakacheka, mjomba akapiga meza kwa kucheka. Bi mkubwa hakucheka.

Nilikuwa upande wa dada na mpaka leo sijahama. Sauti ya mama yetu akiwa binti, anamcheka mumewe kwa mapenzi, hatunayo popote. Picha za enzi zile ziko tatu, na zote kanuna kwa sababu mpiga picha alimwambia asicheke. Kilichobaki kutuonyesha kwamba wale wawili waliwahi kufurahi ndani ya chumba kimoja ni ule wimbo, tena kwetu sisi tu tunaojua kilio kilikaa wapi. Lakini mtu aliyeuza vitenge vyake utamlazimishaje kutembea juu ya zulia jekundu kwa kufuata gitaa?

Nikampigia dingi. Nikamweleza. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekata. Akasema, "Sina neno, baba. Wapige anaoutaka mama yenu." Kisha akauliza, "Ile kanda, kumbe mnaikumbuka?"

Siku ikafika. Mzee kashuka na basi la Iringa na suti ya kijivu, kaishona mwenyewe, na naomba niseme kama mtu ninayejua nguo kidogo: mabega yalikaa. Wazazi wakaingia na kwaya ya kanisani kwetu, bi mkubwa mbele na dada zake, dingi nyuma na baba mdogo, hatua kama kumi katikati yao. Mezani akakaa shangazi kati, mwanamke mpana, hata chumvi ilibidi ipitie kwake. Wakasalimiana vizuri. Mama akamuuliza njia ilikuwaje. Akasema pale Igawa kulikuwa na foleni ya malori.

Saa 4 usiku dijei akafungulia zilipendwa, kama nilivyompangia. Akaanza na Mbaraka Mwinshehe, wazee wakaanza kuinuka kwa kushika magoti. Marijani Rajab akafuata, sasa ukumbi umejaa. Halafu likaingia lile gitaa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na spika, nikageuka kuangalia meza. Bi mkubwa hayupo, kaenda nyuma kuhesabu sahani na wapishi. Dingi kakaa, anafunga kamba ya kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Dada akateremka jukwaani na gauni lake lote, akamshika mkono, akamwinua. Wakacheza. Si vile vya kurusharusha, ni ile ya wazee, bega tu na hatua fupi. Gitaa lilipofika pale, nikamwona dada kamwegemea sikioni anamwambia kitu, na mzee akatazama juu kwenye taa muda mrefu. Alimwambia nini sijamuuliza, mengine hayahusu hata gazeti.

Asubuhi yake dingi alikuwa ameshaondoka na basi la kwanza. Nimeamka nimkute bi mkubwa uani anasugua masufuria ya kukodi, tunatakiwa kuyarudisha kabla ya saa 6. Nikachukua steeliwaya, nikakaa naye. Tukasugua. Sufuria la pilau lile kubwa lilikuwa limeganda chini kama lami, likatuchukua nusu saa.

"Zile nyimbo za jana," akasema, "za wale wa Iringa. Unazo zote?"

Nikamwambia ninazo.

"Niwekee kwenye flashi, nisikilizie kwenye kale karedio kangu."

Nikasema sawa mama, leo leo. Akamwaga maji machafu kwenye mfereji, akalipindua sufuria juani, akaokota jingine.

"Ule mmoja usiuweke," akasema. "Ule ni wa baba yako."

Tukutane wiki ijayo wapenzi, tutaongea habari za wenye nyumba wanaodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.